Neno Ubumwe Lilipopigwa Redioni

MAKALA YA HISTORIA. Kusomwa na mtangazaji mmoja.

[Kiashirio cha kipindi kinapanda, kisha kinashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Leo tunarudi Burundi, kati ya mwaka 1988 na 1993. Wazee wetu watatusamehe, maana tutasimulia mambo waliyoyaona kwa macho yao, na sisi tunaosimulia tulikuwa hatujazaliwa.

Vijana wengi wa umri wangu tunaijua tarehe 5 Februari kuwa ni Siku ya Umoja, siku ya mapumziko, shule hakuna. Wachache tunajua kwamba siku hiyo imetokana na kura. Na kabla ya kura hiyo kulikuwa na kampeni ya miaka zaidi ya miwili, serikali ikitumia redio, gazeti, mikutano, nyimbo na hata mawe ya mnara kuwaandaa Warundi kwa mabadiliko makubwa ya siasa. Kampeni hiyo ilikuwa na neno moja: ubumwe, yaani umoja. Swali letu leo ni hili. Serikali ikitaka kuibadilisha nchi, inazungumza na nani? Na nani anaachwa bila kuzungumzwa naye?

[Muziki mfupi wa ngoma, sekunde tano.]

Tuanzie Agosti 1988, katika komine mbili za kaskazini, Ntega kule Kirundo na Marangara kule Ngozi. Kwa ramani mpya ya mwaka 2025 zote ziko mkoa wa Butanyerera, lakini wenyewe bado wanasema Kirundo na Ngozi, nami nitasema hivyo hivyo. Hofu ilikuwa imetanda. Wakulima Wahutu walioamini kwamba mauaji ya mwaka 1972 yanarudi waliwavamia majirani zao Watutsi na kuwaua. Kisha jeshi likaja, likaua Wahutu wengi zaidi. Serikali ilitaja watu 5,000. Makadirio mengine yalifika 20,000. Watu zaidi ya 50,000 walivuka mto Akanyaru wakaingia Rwanda.

Rais wakati huo alikuwa Meja Pierre Buyoya, mwenye mwaka mmoja tu madarakani. Alimpindua Kanali Jean-Baptiste Bagaza mwezi Septemba 1987, Bagaza akiwa safarini Kanada kwenye mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa. Baada ya Ntega na Marangara, dunia ilimkodolea macho. Wafadhili waliuliza maswali. Buyoya angeweza kufanya kama waliomtangulia, kufunga mdomo na kuwafunga wengine midomo. Hakufanya hivyo, na hili lazima tulitaje kwa haki. Oktoba mwaka huo huo aliunda tume ya watu 24, Wahutu 12 na Watutsi 12, wachunguze suala la umoja wa Warundi. Pia alimteua Mhutu, Adrien Sibomana, kuwa waziri mkuu, na mawaziri wakagawanywa karibu nusu kwa nusu.

Ili uelewe uzito wa jambo hilo, msikilizaji, kumbuka kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo kutaja hadharani maneno Mhutu na Mtutsi lilikuwa kosa la kisiasa. Serikali ilisema sote ni Warundi, basi. Mtu aliyempoteza baba mwaka 1972 hakuwa na mahali pa kusema baba alikwenda wapi. Mama mmoja mzee hapa kambini aliniambia kwamba kwao walikuwa wakisema tu "wakati wa kiza", na kila mtu alielewa, na hakuna aliyeendelea. Halafu ghafla redio ya taifa yenyewe ikaanza kusema: Wahutu, Watutsi, Watwa, tukae tuzungumze. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambacho kampeni ile ilileta. Ilitoa ruhusa ya kusema.

[Kimya kidogo.]

Sasa kampeni yenyewe ilifanyaje kazi?

Redio kwanza. Televisheni Burundi ilikuwa imeanza mwaka 1984 tu, na waliokuwa na seti walikuwa watu wa mjini. Vilimani, redio ilikuwa ndiyo serikali yenyewe ikiongea. Iliyosikika ilikuwa moja, redio ya taifa, ambayo zamani iliitwa Sauti ya Mapinduzi. Hapakuwa na redio ya pili ya nyumbani ya kuipinga wala kuisahihisha. Gazeti la serikali la Kirundi lilikuwa tayari linaitwa Ubumwe tangu miaka ya sabini, kwa hiyo jina halikuhitaji kutafutwa. Kwa wengi wasiojua kusoma, yaliyoandikwa yalisomwa kwa sauti kwenye mikutano.

Mikutano ndiyo ilikuwa mguu wa pili. Chama kilikuwa kimoja, Uprona, na mizizi yake ilishuka kutoka mkoani hadi komine, kutoka komine hadi kilima. Kulikuwa na vijana wa Rwagasore, kulikuwa na umoja wa wanawake, kulikuwa na umoja wa wafanyakazi. Ripoti ya tume ilipotoka mwaka 1989, ilipelekwa kwa wananchi ijadiliwe. Viongozi walizunguka, na watu waliitwa waache majembe waje wasikilize. Baadaye ikaandikwa rasimu ya Mkataba wa Umoja, nayo ikazungushwa vivyo hivyo. Wimbo wa umoja ukatungwa, watoto wakafundishwa shuleni. Bendera ya umoja ikashonwa. Minara ya umoja ikajengwa sehemu mbalimbali za nchi. Ule mkubwa wa Bujumbura uko juu kilimani Vugizo, na ukiwa pale unaliona jiji lote mpaka Ziwa Tanganyika.

Familia yangu ni ya Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, upande wa Gihosha. Siku hizi ukitaja Gasenyi watu wanafikiria ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China. Wazee wangu wanasema wakati ule sehemu kubwa ilikuwa mihogo na maharage, na redio zilikuwa za kuhesabika, kwa hiyo wenye redio walikuwa na wageni kila jioni. Wanakumbuka ule wimbo. Wanakumbuka pia kwamba baada ya taarifa ya habari watu walikaa kimya kidogo, kila mmoja akimwangalia mwenzake, kwa sababu redio ilikuwa imesema neno ambalo hapo nyuma lilisemwa chumbani tu. Nilipowauliza kama waliamini, mmoja alicheka akasema, "Tuliimba." Nikamuuliza tena. Akasema, "Mwanangu, tuliimba vizuri."

[Kicheko kidogo cha mtangazaji, kisha anaendelea.]

Jibu hilo nimelifikiria sana. Si uongo na si imani. Tuangalie walikuwa wanaimba nini.

Ripoti ya mwaka 1989 ilisimulia historia kwa namna yake. Ilisema Warundi wa zamani waliishi kwa umoja chini ya mfalme, lugha moja, mila moja, na kwamba ukoloni wa Wajerumani na Wabelgiji ndio uliowagawa. Kuna ukweli mwingi hapo. Wabelgiji walihesabu watu kwa makabila, wakawaondoa machifu wengi Wahutu, wakajenga utawala juu ya tofauti. Lakini Wabelgiji waliondoka mwaka 1962. Mwaka 1972 hawakuwepo. Na juu ya 1972, ambapo Wahutu waliosoma, walimu, wanafunzi, makarani, waliuawa kwa makumi ya maelfu na zaidi, ripoti ilipita haraka. Ilihuzunika kwa wote kwa pamoja bila kusema nani alitoa amri. Hakuna aliyeshtakiwa. Waliokimbilia Tanzania mwaka ule, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walikuwa bado wako huko huko, miaka kumi na saba baadaye, na watoto wao walikuwa wameanza kupata watoto.

Kwa hiyo kampeni ilifungua mlango ikausimamia. Unaruhusiwa kusema Mhutu na Mtutsi. Unaruhusiwa kusema tuliumizana. Huruhusiwi kuuliza nani.

Mwezi Juni 1990 huko La Baule, Ufaransa, Rais François Mitterrand aliwaambia viongozi wa Afrika kwamba msaada utaelekea zaidi kwa wanaofungua demokrasia. Mambo yakaongezeka kasi. Desemba 1990 mkutano mkuu maalumu wa Uprona uliupitisha Mkataba wa Umoja, na kamati ya wanajeshi iliyokuwa ikitawala ikavunjwa. Tarehe 5 Februari 1991 wananchi wakapiga kura ya maoni. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 89.

Sasa msikilizaji, jiweke mahali pa mpiga kura. Unaulizwa: unataka umoja? Utajibu nini? Neno umoja lilikuwa tayari kwenye kaulimbiu ya taifa, Umoja, Kazi, Maendeleo. Lilikuwa ndani ya jina la Uprona yenyewe, chama alichokiongoza Mwanamfalme Louis Rwagasore kabla hajauawa mwaka 1961. Chama cha pili cha kusimama na kusema "hapana, Mkataba huu una upungufu" hakikuruhusiwa kisheria. Ni kama kuulizwa kama unapenda mvua wakati wa ukame. Hakuna asiyependa. Lakini ukishasema ndiyo, mwenye kuuliza anaweza kuamini kwamba umemkubali yeye na wingu lake.

Nadhani hilo ndilo lililotokea. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Machi 1992, ikaja kura ya pili, ya katiba mpya iliyoruhusu vyama vingi. Ndiyo ikapita asilimia 90. Vyama vikaandikishwa, kikiwemo Frodebu, ambacho kilikuwa kikifanya kazi chinichini tangu 1986. Mtu akizitazama hesabu hizo mbili, 89 na 90, anaona wananchi wanaofuata. Buyoya alijitokeza kugombea akiwa mtu aliyeleta umoja na katiba, na wengi ndani na nje ya nchi walitarajia atashinda.

Tarehe 1 Juni 1993 watu zaidi ya asilimia 97 ya walioandikishwa walijitokeza. Melchior Ndadaye wa Frodebu alipata karibu asilimia 65. Buyoya alipata asilimia 32. Mwisho wa mwezi huo Frodebu ikachukua viti 65 vya bunge kati ya 81. Watu walikuwa wamesema ndiyo kwa umoja, wakasema hapana kwa mhubiri wake.

Na Ndadaye, kwa taarifa ya wasikilizaji wetu wadogo, alikuwa mkimbizi. Alikimbilia Rwanda mwaka 1972 akiwa mwanafunzi, akaishi huko zaidi ya miaka kumi, akarudi nyumbani mwaka 1983. Buyoya alikubali kushindwa. Tarehe 10 Julai 1993 akamkabidhi madaraka kwa amani. Ndadaye alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke, Mtutsi wa Uprona, kuwa waziri mkuu. Kwa wiki kadhaa ilionekana kama kampeni ile imezaa matunda kweli.

[Muziki unapita, sekunde nane.]

Tarehe 21 Oktoba 1993, siku mia moja na kidogo baadaye, wanajeshi waliizingira ikulu mjini Bujumbura. Rais alichukuliwa, akapelekwa kambi ya Muha, akauawa. Waliuawa pia Spika wa Bunge Pontien Karibwami na naibu wake Gilles Bimazubute, huyu akiwa Mtutsi. Habari zilipofika vilimani, Watutsi wengi, na Wahutu wa Uprona pia, waliuawa na majirani zao. Kisha jeshi likaingia na kuua Wahutu. Watu wapatao 700,000 walivuka mipaka ndani ya wiki chache, kuingia Rwanda, Tanzania na Zaire. Vita iliyofuata inakadiriwa kuua watu 300,000.

Wengi husema kwamba kampeni ya umoja ilikuwa unafiki tangu mwanzo. Mimi sikubali moja kwa moja. Wengine husema wananchi ndio walioshindwa kuelewa umoja. Hapo nakataa kabisa, kwa sababu mpangilio wa matukio ni huo niliokusomea. Mwananchi alipiga kura, akasubiri matokeo, akarudi shambani. Damu ya kwanza ya Oktoba ilimwagwa na watu wenye sare.

Anayetangaza sabuni anajua mnunuzi wake ni nani. Kampeni ya ubumwe ilitangazwa kwa mkulima: acha chuki, mpende jirani, piga kura. Ilizunguka vilima vyote. Lakini mwenye uwezo wa kuyavunja mabadiliko kwa usiku mmoja hakuwa mkulima. Marais watatu mfululizo, Micombero, Bagaza na Buyoya, walikuwa wanajeshi, na wote watatu walitoka komine moja, Rutovu, mkoa wa Bururi. Maofisa wa jeshi walikuwa karibu wote Watutsi. Serikali iligawanywa nusu kwa nusu mwaka 1988. Jeshi halikuguswa. Kambi ya jeshi ilikuwa kilima kimoja ambacho kampeni haikukipanda.

Dalili zilikuwepo. Novemba 1991, miezi tisa baada ya kura ya umoja, waasi wa Palipehutu walishambulia Bujumbura na Cibitoke, na ulipizaji ukafuata kwa raia. Hicho kilikuwa chama kilichozaliwa Mishamo, miongoni mwa wakimbizi ambao historia yao Mkataba haukuisema. Machi 1992, siku chache kabla ya kura ya katiba, kulikuwa na jaribio la kumpindua Buyoya. Julai 1993, Ndadaye akiwa hata hajaapishwa, kulikuwa na jaribio jingine. Huku redio ikipiga wimbo wa umoja.

Linganisha na Arusha. Makubaliano ya Agosti 2000, yaliyoanzishwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Mzee Mandela, hayakuishia kuwaomba watu wapendane. Yaliandika hesabu. Jeshini, kabila lolote lisizidi nusu. Serikalini, katiba ya mwaka 2005 iliyofuata ikaweka Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi wasizidi 40. Ni hesabu kavu, haziimbiki, na watoto hawawezi kuzifundishwa kwa wimbo. Lakini ziliingia kambini mwa jeshi. Tulipopata matatizo mapya mwaka 2015, na sisi tukajikuta hapa, wapo wanaosema hesabu zile ndizo zilizozuia mambo yasigeuke tena kabila kwa kabila kama 1993. Wengine wanabisha. Mjadala huo tutauacha kwa siku nyingine, maana kipindi hiki hakina chama.

Kuna ulinganisho mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu ni wa kazi yetu. Mwaka 1995, katikati ya vita, ilianzishwa Studio Ijambo mjini Bujumbura, waandishi wa habari Wahutu na Watutsi wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1997 wakaanza mchezo wa redio ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu. Ulikuwa na familia mbili za jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, na ugomvi wa kawaida, harusi, watoto, umbea, hofu. Haukuwaomba wasikilizaji wapige kura ya ndiyo. Uliendelea kwa miaka, vipindi kwa mamia. Mzee wangu yule aliyesema "tuliimba", nikimtajia mchezo huo anaanza kunisimulia wahusika kama watu aliowahi kukaa nao. Mkataba wa Umoja, hata kifungu kimoja hakumbuki.

[Kimya kidogo.]

Kwa nini nimeileta habari hii leo? Kwa sababu nyumbani kampeni haziishi. Nchi imeambiwa itakuwa inayoinukia mwaka 2040 na iliyoendelea mwaka 2060. Mikoa 18 imekuwa mitano, na wewe ambaye karatasi yako inasema Ruyigi au Makamba, huko unakotoka sasa panaitwa Buhumuza au Burunga. Na hapa kambini kuna ujumbe wa kurejea kwa hiari. Ujumbe huo mara nyingine nausoma mimi, kwa sauti hii hii unayoisikia. Kila ninapousoma najiuliza kama ninavyojiuliza juu ya mwaka 1991. Mkimbizi anaambiwa afanye nini, hilo limeandikwa vizuri. Shamba lake lina nani sasa, na je, huyo naye ameambiwa jambo lolote? Mkuu wa kilima ameambiwa? Vijana wanaosimama barabarani usiku wameambiwa?

Wale waliorudi mwaka 1993 kwa kumwamini Ndadaye walikuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yana watu wengine. Waliitwa wao. Waliokuwa juu ya mashamba hayo walikuwa hawajaitwa kwenye mkutano wowote.

Msikilizaji, kama ulipiga kura tarehe 5 Februari 1991, au ulikuwa mwanafunzi ukafundishwa ule wimbo, tungependa kukusikia. Andika, au mwombe mtoto akuandikie, uweke kwenye sanduku letu karibu na studio. Si lazima utaje jina. Wiki ijayo tutasoma tutakazopata, na baada ya hapo tutahamia Arusha, siku Mwalimu Nyerere alipowaketisha Warundi meza moja, na jinsi walivyogombania hata nani akae wapi.

[Kiashirio cha kipindi kinapanda. Mwisho.]